Chora Ploti Kwanza, Halafu Ndio Uguse Diski

Wasee, kuna swali moja nimeulizwa hadi nimeamua kulikalia chini: "Bro, nataka Windows na Linux kwa laptopu moja. Kila moja niipe gigabaiti ngapi?" Mtu akiniuliza hivyo, kitu cha kwanza kinachonijia akilini si namba. Ni dada yangu, saa moja asubuhi, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akiniuliza, "Na mbona laptopu yangu imekuwa ya zambarau?"

Acha niwaambie.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo. Kwetu Umoja tulikuwa na kompyuta moja tu, laptopu ya mtumba, zile zinakuja kwa makontena na kuuzwa mitaa ya Luthuli. Ilikuwa ya dada, kwa sababu yeye ndiye aliinunua na yeye ndiye ilimlisha. Dada ni mpiga picha. Harusi, ruracio, mahafali, birthday za watoto wa watu wenye pesa. Mchana yuko na kamera, usiku yuko na Photoshop, na Photoshop haina toleo la Linux, kwa hivyo Windows kwake si mapenzi, ni kazi. Mimi nilikuwa naanza kuandika programu, na darasani kila mtu alikuwa na Linux ama alikuwa anajifanya anayo. Nikaomba ruhusa. Dada akasema, "Sawa, lakini usiguse D." Picha zote zilikuwa D.

Nikasema sawa, Siz. Na nilimaanisha.

Nilifanya vitu vingine vizuri kabisa. Niliingia Windows, nikafungua ile programu yake ya kusimamia diski, nikapunguza D kwa gigabaiti 60 bila kufuta kitu. Nikatengeneza flashi ya Ubuntu. Ilipofika saa saba usiku, kila mtu amelala, nikawasha laptopu na flashi nikijiona mhandisi. Nikafika mahali pa kuchagua nafasi. Ile nafasi yangu ya gigabaiti 60 iko pale, naiona na macho yangu, lakini imeandikwa kwamba haitumiki. Haitumiki vipi? Ni tupu! Nikarudi nyuma, nikaingia tena, bado haitumiki. Kulikuwa na chaguo lingine, rahisi, la kufuta diski na kuweka Ubuntu. Nikajiambia, "diski" hapa lazima wanamaanisha ile sehemu yangu tupu, kwani watafuta nini kingine?

Walimaanisha diski.

Sasa, hii ndiyo sehemu ambayo hakuna mtu aliniambia wakati ule, na ndiyo sababu naandika. Ile nafasi ilikataa kutumika kwa sababu ya kitu kinaitwa MBR. Ni mtindo wa kugawa diski uliokuja na DOS mwaka wa 1983. Kipande cha kwanza kabisa cha diski kina baiti 512, na ndani yake kuna baiti 64 zilizotengwa kwa orodha ya sehemu. Kila sehemu inachukua baiti 16 kujiandikisha. Piga hesabu: ni sehemu nne, basi. Diski inaweza kuwa kubwa kama Naivasha, lakini karatasi ya kuandikia ina mistari minne tu.

Mkitaka kuelewa vizuri, fikirieni shamba. Guka amegawa shamba, na kuna ramani ya mpimaji inayosema bikoni ya huyu iko hapa na ya yule iko pale. Diski ni shamba, ile orodha ni ramani. Na kwa MBR, ramani ina nafasi ya majina manne. Ukizaliwa wa tano unaweza kuona ardhi tupu pale karibu na mto, uitembee, uipime kwa miguu, lakini kwa ramani haupo. Laptopu ya dada ilikuwa tayari na sehemu nne: kipande kidogo cha Windows cha kuwashia, C, D, na kingine kidogo cha ukarabati. Mimi nilikuwa mtoto wa tano.

Kulikuwa na njia halali. MBR inakubali moja ya zile nne iwe sehemu ya kubeba nyingine, na ndani yake unagawa vyumba vidogo unavyotaka. Nilipaswa kuacha, nilale, nitafute maana ya lile neno asubuhi. Lakini saa saba usiku mtu halali wakati amekaribia kumaliza. Mnajua hiyo hali.

Asubuhi, zambarau.

Sitawaambia kila kitu dada alisema. Alikaa kitandani, akaniuliza mara mbili kama natania. Kulikuwa na harusi mbili ndani ya D. Moja alikuwa ameshapeleka picha, nyingine bado, na bibi harusi alikuwa anapiga simu kila siku mbili. Kitu kimoja tu nilifanya sawa siku hiyo, tena kwa bahati: niliizima laptopu na sikuiwasha tena. Kwa diski ya zamani, ile inayozunguka, kufuta ramani si kuchimba shamba. Mahindi bado yako pale, ni vile tu hakuna anayejua ni ya nani, na kila ukiendelea kuitumia unapanda juu yake. Kama ingekuwa SSD pengine tungelia tu, kwa sababu SSD ikiambiwa nafasi ni tupu huwa inaisafisha yenyewe kimyakimya.

Rafiki yangu wa darasani akaniazima laptopu yake na diski ya nje. Tukatoa diski ya dada, tukaiunganisha kwa waya wa USB, tukatumia TestDisk, programu ya bure ya kutafuta ramani zilizopotea. Iliona alama za D ya zamani lakini folda zikakataa kufunguka, maana Ubuntu ilikuwa imeandika vitu vyake huku na kule. Tukaenda kwa ndugu yake, PhotoRec, ambayo haijali ramani kabisa. Inasoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho ikiangalia kipande kwa kipande: hii inafanana na picha? Hii je? Ilichukua usiku mzima na asubuhi yake.

Ikarudisha maelfu ya faili. Shida ni kwamba inarudisha bila majina. Kila kitu kinaitwa herufi f na namba ndefu, kimetupwa ndani ya folda zinazofuatana kwa namba. Picha ya bibi harusi akilia iko katikati ya nembo ya benki iliyotoka kwa kurasa za intaneti na kijipicha cha mtu nisiyemjua. Tulikaa siku nne, mimi na dada, tukipanga kwa tarehe ambayo kamera huandika ndani ya picha. Tulipata karibu zote. Zile hazikupatikana zilikuwa za jioni, wakati wa kukata keki, na kuna nyingine zilifunguka nusu, juu ni watu na chini ni kijivu tupu. Dada alimrudishia mteja sehemu ya pesa. Mimi nililipa hiyo pesa kwa kuchapa kazi za watu kwa saiba mtaani, likizo nzima, na hata hivyo kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiingia chumbani anafunga laptopu.

Kwa hivyo ukiniuliza gigabaiti ngapi, nitakuuliza kwanza: bakapu iko wapi? Na usiniambie iko D. D si bakapu. C na D ni vyumba viwili kwa nyumba moja, na moto haubishi hodi. Bakapu ni diski nyingine, iliyochomolewa, iko kwa kabati. Kama huna, usisome mbele, rudi siku ukiwa nayo.

Umerudi? Sawa. Chukua kalamu. Ndiyo, kalamu na karatasi.

Kitu cha kwanza cha kuandika ni kama mashine yako inatumia MBR au GPT. GPT ndio mtindo mpya, na kwa kawaida ina nafasi ya sehemu 128, tena inaweka nakala ya ramani mwishoni mwa diski kama ya mbele itaharibika. Windows ya kisasa inayowaka kwa UEFI inatumia GPT. Bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BIOS Mode. Ukiona UEFI, uko salama. Ukiona Legacy, una ile karatasi ya mistari minne, na mashine nyingi za mtumba huuzwa hivyo hata kama zinaweza UEFI, kwa sababu aliyeweka Windows alikuwa na haraka. Ushauri wangu: kama una bakapu na muda, anza upya na GPT. Na ukichagua, mifumo yote iwe upande mmoja. Kuchanganya Windows ya Legacy na Linux ya UEFI kwa diski moja ni kujitafutia maneno.

Pili, andika ukubwa halisi. Nilipopata pesa kidogo mwaka uliofuata nilimnunulia dada SSD ya gigabaiti 512, kuomba msamaha kwa vitendo. Windows ikasema ni 476. Dada akaniangalia vile anavyoniangalia. Hajaibiwa mtu: muuzaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, na tofauti inaonekana hapo. Panga na 476, usipange na 512, la sivyo utagawa ardhi ambayo haiko.

Halafu ndio namba. Hizi ni zetu, si zako, lakini angalia sababu zake.

Mbele kabisa kuna sehemu ya EFI, ya FAT32, mahali programu za kuwashia za mifumo yote zinaishi. Windows ikiachwa yenyewe mara nyingi huipa megabaiti 100. Hiyo inabana ukiwa na mifumo mitatu, na kuipanua baadaye ni kazi kwa sababu Windows imejenga hapo jirani. Sisi tuliipa gigabaiti 1. Ni uchoyo gani huo wa kuhifadhi megabaiti mia tisa alafu ujute? Moja inatosha wote, kila mfumo una folda yake. Ila tahadhari: Linux Mint na Ubuntu zote hutumia folda yenye jina la ubuntu, na zinaweza kupanda juu ya nyingine. Hiyo ndiyo sababu kwetu kuna Mint na Fedora.

Windows tuliipa 150. Kwenye karatasi Windows 10 inadai angalau 32 na Windows 11 inadai 64, lakini hizo ni namba za kuingia mlangoni. Ukishaweka programu za picha, na takataka zao za muda, na masasisho, 64 inakuwa matatu ya jioni siku ya mvua. Mint ikapata 60. Fedora, ambayo ni ya majaribio yangu, ikapata 40. Swapu 8, sawa na RAM yetu. Kipande cha ukarabati cha Windows hakifiki 1. Zilizobaki, karibu 216, ni ploti moja kubwa ya data: picha za dada, kazi zangu, muziki.

Hiyo ploti ya data ndiyo kiini cha mpango wote. Mifumo itakuja na kwenda, mtaivunja, mtaijenga tena, lakini vitu vyenu vikae kwenu. Tuliipa muundo wa NTFS kwa sababu Windows haisomi ext4 ya Linux bila msaada, na Linux inasoma na kuandika NTFS vizuri. Kuna watu watakuambia utumie folda moja ya nyumbani kwa Linux zote mbili. Nilijaribu. Mint ilikuwa inaandika mipangilio yake, Fedora inakuja inaisoma inachanganyikiwa, kila asubuhi ikoni zimehama. Mkae na data pamoja, mipangilio kila mtu na yake.

Lakini kugawana huku kuna sharti. Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup, imekuwepo tangu Windows 8. Ukiizima mashine, haizimi kabisa, inasinzia na kushikilia ploti zake kama mtu aliyeacha koti kwa kiti. Ukiingia Linux, data inafunguka kwa kusoma tu, ama inakataa, na ukilazimisha unaweza kuharibu. Izime. Na usiwahi kulaza mfumo mmoja ukiwa umeacha kazi wazi alafu uamshe mwingine. Kama Windows imefungwa kwa BitLocker, pata ule ufunguo wa kuokoa kabla hujagusa chochote, uuandike mahali ambapo si ndani ya hiyo laptopu.

Windows inaingia kwanza, Linux baadaye. Windows haina adabu ya mgeni. Ikija mwisho inajiweka mbele ya foleni na wengine hutawaona kwa menyu. Linux ikija mwisho inamkaribisha kila mtu.

Kitu kimoja cha kuchekesha ambacho hakihusu ploti: saa. Siku ya kwanza baada ya kumaliza yote, jua liko juu, ni saa nne asubuhi, Windows ikasema ni saa moja. Dada akadhani nimeharibu tena. Ni kwamba Linux inaandika kwa saa ya ndani ya mashine wakati wa UTC, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Kenya tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Amri moja kwa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, wakaelewana.

Najua kuna msee anaandika saa hii, "Si utumie tu mashine pepe?" Ukiwa na RAM ya 16, tumia, mimi sikatai. Ukiwa na 8, na nusu yake inaliwa na kivinjari, utakuwa unaangalia mshale ukizunguka. Na yule wa "si ununue diski ya pili?" huyo ana haki kabisa. Kama laptopu yako ina nafasi ya diski mbili, kila mfumo na yake, lala usingizi. Yetu ina nafasi moja.

Mpango wetu pia umebadilika maana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na kichakato chetu ni cha kizazi cha sita, hakiko kwa orodha ya Windows 11. Kwa hivyo siku hizi dada anaingia Windows kuhariri picha tu, intaneti imezimwa. Barua pepe, benki, kutuma kazi kwa wateja, anafanya Mint. Anatoka mfumo mmoja, picha ziko palepale kwa ploti ya data, anaingia mwingine anazituma. Yeye ambaye aliniuliza kuhusu zambarau, juzi nilimsikia akimweleza rafiki yake kwa simu ext4 ni nini. Alikosea kidogo. Sikusema kitu.

Wiki iliyopita alinijia. C imejaa, anataka 30 zaidi. Na hapa ndipo niligundua kosa langu kwa mpango huu mzuri ninaowaringia: Windows inaweza tu kupanuka ikiwa nafasi tupu iko mara baada yake, na mara baada yake nilikiacha kile kipande cha ukarabati, alafu ploti ya data. Ningeacha gigabaiti chache tupu hapo katikati, ama ningekisogeza kile kipande mapema. Sasa nikitaka kumpa, lazima nisogeze mwanzo wa ploti yenye picha zote, na kusogeza ni kunakili kila kitu upya, masaa mengi, na stima ya kwetu mnaijua na betri ya hii laptopu imekufa zamani. Njia nyingine ni kuhamisha zile faili za muda za Photoshop kutoka C zikae kwa data, bila kugusa bikoni yoyote.

Nilimweleza zote mbili. Akaniuliza bakapu ilifanywa lini mara ya mwisho, nikamwambia Jumapili, akasema tufanye nyingine kwanza hata kama hatutagusa kitu. Jumamosi ana harusi Thika. Akirudi tutakaa mezani na karatasi, na ameniambia nije na penseli, si kalamu.